Kingo za Kitabu cha Bibi Akelo

Ukiuliza pale sokoni Mwanza aliko Felicitas, utaambiwa nenda kwa yule mama anayeshona vitabu. Mgeni hucheka kwanza. Nguo hushonwa na viatu hushonwa, lakini vitabu? Kisha anafika kwenye kile chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule, anamkuta mama wa miaka sitini na moja mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, akipitisha sindano ndefu katikati ya karatasi zilizokunjwa. Hapo kicheko kinamwisha, anaanza kukumbuka kitabu fulani cha nyumbani kilichoachana na mgongo wake.

Kwao ni Kamachumu, kwenye migomba na mibuni. Akiwa na miaka kumi na saba alipelekwa kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni, akawekwa chini ya Sista mmoja mzee aliyekuwa na vidole vigumu na maneno machache. Sista alimfundisha kupika gundi ya unga wa ngano, kuvuta uzi bila kuchana karatasi, na sheria mbili. Ya kwanza, kinachoanguka kutoka ndani ya kitabu ni cha mwenye kitabu, hata kiwe jani kavu. Ya pili, kitabu hakiondoki mezani kabla kingo zake tatu hazijanyooka. Felicitas alizishika sheria hizo kwa miaka zaidi ya arobaini, na katika miaka yote hiyo hazikuwahi kugombana.

Kwa ajili ya sheria ya kwanza alikuwa na kopo la bahasha. Huwezi kuamini vitu ambavyo watu wa ukanda huu wa ziwa huvificha vitabuni. Nywele za kwanza za mtoto, zimefungwa kwa uzi mwekundu. Tiketi ya meli ya mwaka ambao mwenyewe hajazaliwa. Punje za kahawa ya kutafuna ndani ya jani la mgomba, zimekauka kama kokoto. Mara moja ilianguka barua ya mapenzi kutoka kwenye kitabu cha mzee wa kanisa, na jina lililoandikwa chini halikuwa la mke wake. Felicitas hakuisoma zaidi ya pale ilipojifungua yenyewe, na mimi nasema hivyo kwa sababu yeye husema hivyo. Aliitia kwenye bahasha, akaandika namba ya ukurasa, akamkabidhi mzee pamoja na kitabu akiwa na uso mkavu kabisa. Tangu siku hiyo yule mzee humwamkia kwa adabu ya pekee, ingawa yeye ndiye mkubwa.

Tuseme ukweli, Felicitas alikuwa na majivuno kidogo. Hakuwa na majivuno ya mali, maana tangu mumewe Byabato afariki aliishi kwa kiasi katika nyumba yao ya Buhongwa. Bintiye Angela, aliyekuwa akifanya kazi Dodoma, kila akipiga simu alimwambia apumzike. Alijivunia jambo moja tu: hakuna mtu aliyewahi kutoka chumbani kwake akiwa amepoteza kitu. Alipenda kulisema hilo. Alilisema hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Alilisema pia siku Zadok alipoingia.

Zadok alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye harufu ya dagaa iliyokwisha kuwa sehemu ya shati. Alikuwa mchuuzi wa samaki, mtu wa Rorya aliyehamia Kisesa na familia yake. Alitoa kwenye mfuko wa plastiki kitabu cha nyimbo za kanisani cha Kijaluo. Jalada lilishikiliwa na mpira uliokatwa kwenye tairi la baiskeli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Huyu ni mgonjwa wa siku nyingi."

"Ni cha mama yangu. Kurasa zinaanza kudondoka, na akiishika moja anaogopa itamponyoka. Nataka kishike tena, basi."

Felicitas akamwonyesha vipande vya majalada. Alikuwa na ngozi ya sangara, fahari yake nyingine, iliyolainishwa na kutiwa rangi ya kahawia, bado ina vifuko vidogo vilimokaa magamba. Watalii huipapasa na kutikisa vichwa. Alidhani mtu wa samaki ataipenda. Zadok aliiangalia mara moja akarudisha mkono.

"Ngozi ya samaki hapana, mama. Hiyo mama yangu hataiweza."

Hakueleza zaidi, na Felicitas si mtu wa kuchokonoa. Wakachagua kitambaa cha bluu iliyokolea. Zadok aliaga, na Felicitas akamsindikiza hadi mlangoni akimhakikishia kwamba hapa hakipotei kitu.

Kitabu kilimpa kazi nzuri. Alikifungua mshono mmoja mmoja, akazibandika karatasi zilizochanika, akashona upya mgongo mzima. Hakikuanguka kitu. Alipofika kwenye kingo aliona ukingo wa mbele umekuwa wa kahawia kwa kushikwa, pembe zimejikunja, na kwenye kila ukurasa, pale pembeni kabisa, kuna vialama vya penseli. Vingine vilikuwa misalaba midogo iliyolala upande, imepangana kutoka juu hadi chini. Alivitazama. Hili ni la kukumbukwa, kwa sababu baadaye alijiuliza sana: alivitazama vizuri, akasema moyoni, watoto bwana, wakipewa penseli. Akakiweka kitabu kwenye mashine ya kukatia, akashusha kisu kirefu. Vipande vyembamba kama tambi vikaangukia kapuni, na ukingo ukabaki mweupe, umenyooka, unapendeza. Sista angetikisa kichwa kwa kuridhika.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi alikuja Mama Shigela wa Buswelu, mfuga kuku, kama anavyokuja kila Jumamosi kuchukua gunia la vipande vya karatasi vya kutandika kwenye viota. Jumatatu akaja Zadok.

Alikipokea kitabu kwa mikono miwili. Alikisifu jalada, akakifungua na kukifunga, akatabasamu alipoona kurasa hazitikisiki. Halafu akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa mbele, akakisimamisha. Akafungua karibu na mwisho. Akaangalia pembeni mwa ukurasa mmoja, akaugeuza, akaurudia. Tabasamu likamtoka usoni pole pole.

"Mama," alisema, "zile alama ziko wapi?"

Felicitas akajibu kwamba amesawazisha kingo, kwamba ndivyo inavyofanywa, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyozidi kumpungukia.

Zadok alikaa kwenye stuli. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akasimulia akiangalia sakafu.

Yeye na mdogo wake Kevin walikuwa wavuvi wa dagaa, kila mmoja na mtumbwi wake. Kila walipoingia ziwani jioni, mama yao, Bibi Akelo, alifungua kitabu, akaimba wimbo mmoja, na pembeni mwa ukurasa wa wimbo huo akachora kistari cha kila mwana. Asubuhi mwana akirudi, kistari chake kinakatwa na kingine, kinakuwa msalaba. Alifanya hivyo kwa miaka. Hakuwaambia wanawe maana yake. Walikuja kuijua siku ambayo Zadok alirudi na Kevin hakurudi.

"Tulitafuta siku tisa. Hata kipande cha ubao hatukupata. Kwetu mtu asipopatikana, tunazika tunda la yago, lile refu zito, tunalifanyia kila kitu kama ni yeye. Wazee walimzika hivyo. Mama hakwenda kaburini siku ile na hajaenda mpaka leo. Alisema yeye hakuzaa tunda la mti." Zadok akapangusa uso kwa kiganja. "Kwake yeye Kevin yuko kwenye hiki kitabu. Ni wimbo wa mia moja na kumi na mbili, chini kabisa. Kuna msalaba wangu, na pembeni yake kuna kistari chake, peke yake. Tangu usiku ule hajachora tena. Kila mwaka siku yake ikifika anakishika kile kistari, anakaa nacho. Na Jumapili hii inatimia miaka kumi na tisa."

Felicitas alitaka kusema pole, akaona neno lenyewe ni dogo mno kwa kitu hiki. Hatimaye alisema, "Niachie kitabu mpaka Jumamosi. Usimwambie kwanza."

"Unaweza kuzipata?"

"Sijui, baba. Sitakudanganya."

Zadok akaondoka mikono mitupu. Felicitas aligeuza kibao cha mlangoni, akavua miwani zote mbili, akalia. Alilia kwa ajili ya mama asiyemjua, na kwa aibu pia, maana aliona wazi kwamba miaka yote hiyo alikuwa akiwarudishia watu vilivyoanguka na hakuwahi kujiuliza kuhusu vile alivyovikata kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi ya Jumanne alikuwa Buswelu kabla Mama Shigela hajafungulia kuku.

"Mama Angela! Umekuja kutaga?" Mama Shigela alicheka mpaka akashika ubavu. Aliposikia habari yenyewe aliacha kucheka, akafunga kanga kiunoni, akaleta beseni mbili. Yule ni Msukuma wa kazi, haulizi jambo mara mbili.

Kuku walikuwa zaidi ya arobaini, na gunia la Jumamosi lilikwisha kusambazwa kwenye viota vyote. Wanawake wawili wazima walipiga magoti kwenye banda, wakatoa vipande kimoja kimoja. Vingi vilikuwa vya daftari za wanafunzi na ripoti za ofisini. Vya kitabu cha nyimbo Felicitas alivitambua kwa ukahawia wake. Vingine vilikwisha kulowa uchafu hata penseli haionekani, vingine vimedonolewa vikawa makombo. Kufikia jioni alikuwa na misalaba mingi. Aliiosha kwa pamba yenye maji kidogo, akaikausha juu ya gazeti, na kila mmoja aliuangalia akifikiri kwamba hii ni asubuhi moja ambayo mama fulani alimshukuru Mungu. Kistari kilicho peke yake hakikuwamo.

Jumatano wakarudia vumbi lote la sakafuni. Hakikuwamo pia. Ikabaki kiota kimoja, kwenye pembe, na juu yake tetea mweusi aliyekuwa akilalia mayai.

"Huyu simwinui," Mama Shigela alisema. "Zimebaki siku tatu aangue. Nikimwinua kwa nguvu atasusa, na mayai yote yataoza."

"Sitaki umwinue."

"Hutoka mwenyewe mara moja kwa siku, akale; ndivyo nilivyomtandikia Jumamosi. Dakika chache tu. Ukiweza kusubiri, subiri."

Felicitas akaweka kigoda mbele ya tetea, akakaa. Mtu ambaye mikono yake huwa kazini tangu alfajiri alikaa saa nne nzima akitazamana na kuku. Tetea alimtazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine, hakujali. Felicitas akajikuta anazungumza naye kwa Kihaya, taratibu, kama mtu anavyozungumza na mzazi mwenzake. Alimwambia habari za Angela, anavyopiga simu kila Jumapili, na zile Jumapili mbili alizochelewa kupiga, jinsi yeye alivyoshindwa hata kumeza chakula. Simu tu hiyo, na mtoto yuko Dodoma kwenye nchi kavu.

Saa nane kasoro tetea akasimama, akanyoosha mguu mmoja, akatoka nje kufuata mtama. Felicitas akaingiza mkono chini ya mayai ya moto. Akavuta vipande saba. Cha tano kilikuwa na msalaba mdogo chini, na kando yake kistari kimoja kilicholala upande, hakijakatwa na chochote. Kilikuwa na joto la mwili.

Mama Shigela alipokuja na maji alimkuta bado amepiga magoti. "Kipo?" Felicitas akaitikia kwa kichwa.

Alhamisi nzima alifanya kazi ya kipande kile. Alikiweka kando ya ukurasa wa wimbo wa mia moja na kumi na mbili, akakisogeza kwa ncha ya sindano mpaka mkia mdogo wa penseli uliobaki ukurasani ukakutana na kistari. Akaunganisha kwa karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, mbele na nyuma, kwa gundi nyepesi. Alipokifunga kitabu akaona alilolijua tangu mwanzo. Kurasa nyingine zote zilikuwa zimekatwa, na huo mmoja uliorudishiwa ukingo wake sasa ulichomoza mbele ya wenzake, mwembamba, wa kahawia, kwenye ukingo mweupe ulionyooka.

Mkono wake uliutamani mkasi, kama mikono iliyozoea kazi inavyotamani. Angeweza kukibandika kipande ndani zaidi, juu ya nafasi iliyo wazi, na ukingo ungebaki safi. Lakini kistari kingekaa mahali ambapo Bibi Akelo hakukiweka. Akauacha uchomoze. Kilikuwa kitabu cha kwanza katika maisha yake kutoka mezani kwake kikiwa na kasoro anayoijua, akakiweka chini ya uzito kikauke.

Jumamosi alipanda gari la Kisesa, kitabu mapajani, na bahasha ya misalaba iliyookolewa ndani ya mkoba. Njia nzima alipanga maneno na kuyapangua. Zadok, aliyekwisha kupigiwa simu, alimpokea barabarani, akamwongoza hadi nyumba ya matofali yenye kibaraza cha saruji. Bibi Akelo alikuwa ameketi juani, mama mrefu, mwembamba, mikono imetulia magotini.

"Shikamoo, mama," Felicitas alisema, akipiga goti kidogo kama walivyomlea Kamachumu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Zadok, mpe mgeni kiti."

Alimgeukia, lakini macho yake yalipita kando ya bega la Felicitas, yakakaa ukutani. Ndipo Felicitas alipotambua kwamba hayaoni. Zadok hakuwa amemwambia.

Akakaa. Akapiga moyo konde, akasema yote bila kujitetea. Kwamba aliziona alama akadhani ni uchafu. Kwamba alizikata. Kwamba alizitafuta kwenye viota vya kuku, akapata hizi chache, na zilizobaki zimepotea, zote za miaka ile.

Zadok akawa anaangalia miguu yake.

"Umekosa," Bibi Akelo alisema.

"Nimekosa, mama."

"Kitu cha mtu unauliza kwanza."

"Ndiyo, mama. Sikuuliza."

Ng'ombe wa jirani wakapita barabarani, kengele zao zikasikika mpaka zikaishia. Bibi Akelo akanyoosha mkono, Felicitas akampa bahasha. Aliipima uzito kiganjani, hakuifungua, akaiweka mapajani.

"Hizi ni za waliorudi," alisema. "Aliyerudi, alama yake hata ikipotea, amerudi. Huyu Zadok yuko hapa ananuka dagaa." Zadok akacheka kidogo huku akijifuta macho. "Mimi niambie ile moja."

"Ipo, mama. Lakini sikuweza kuirudisha vizuri. Ukurasa wake umetoka nje, haulingani na mingine."

Akampa kitabu. Bibi Akelo alipapasa jalada jipya, akanusa kitambaa na gundi. "Miaka mitano sasa sioni," alisema. "Kila mwaka Akinyi, mtoto wa Zadok, ndiye hunitafutia ukurasa. Ananishika kidole, anakiweka, anasema ni hapa, bibi. Na mimi naitikia. Siwezi kujua kama ni hapo kweli. Mtoto akikosea ukurasa mmoja, mimi nakaa siku nzima na mahali ambapo hayupo."

Akakisimamisha kitabu mapajani, akaweka kidole gumba juu ya ukingo. Kidole kikateremka taratibu kwenye kurasa zilizonyooka, kikateleza bila kugusa kitu, kikateleza tena. Kikakwama. Akakaa hivyo hivyo, kidole kimeshikwa na kile kijisehemu kilichochomoza. Kisha akaingiza ukucha nyuma yake, kitabu kikafunguka, na ncha ya kidole ikashuka pembeni mwa ukurasa mpaka chini, ikatulia juu ya kistari.

Zadok alisogea amsaidie. Mama yake akamzuia kwa mkono ule mwingine.

"Acha," alisema. "Nimempata mwenyewe."